Muuzaji "aungane" na mdaiwa, au "aunganishwe"?

Msomaji wa Morogoro amefunguliwa shauri la madai kuhusu kiwanja alichonunua. Anauliza: "Karani ameniandikia kwamba mahakama imeamuru muuzaji 'aungane na mdaiwa'. Mwenzangu anasema ni 'aunganishwe'. Kuna tofauti? Na kwa nini niitwe mdaiwa wakati sina deni la mtu?"

Tofauti ipo, ndugu yangu, na inaweza kukupotosha. "Ungana" ina -an- ya kutendana: wanaoungana wamekubaliana wenyewe. Nikisoma "muuzaji aungane na mdaiwa" ninaelewa kwamba aje upande wako, mshikamane dhidi ya mdai. Mahakama haikuamuru hivyo. Imetaka muuzaji aingizwe katika shauri, apende asipende, na huenda siku ya kusikilizwa mkasimama wewe na yeye mkipingana. Anayetenda ni mahakama; muuzaji anatendwa. Ndiyo maana tunahitaji -ish- ya kusababisha na -w- ya kutendwa: a-ung-an-ish-w-e. Amri iandikwe: "Muuzaji aunganishwe katika shauri kama mdaiwa wa pili."

Usiache maneno "katika shauri". Mahakama huunganisha pia mashauri, pale kesi mbili zinazofanana zinapofanywa moja, na hilo ni jambo jingine kabisa. Anayesoma "waunganishwe" peke yake hawezi kujua wanaunganishwa na nini. Wapo pia wanaoandika "ajiunge na kesi". Mtu hujiunga na chama au chuo kwa hiari yake. Hata aliyepeleka maombi mwenyewe ili aingie kwenye shauri, bado anaomba aunganishwe, kwa sababu mlango unafunguliwa na mahakama.

Neno "amri" nalo lina mtego. Kwa Tanzania, mamlaka ya kumwongeza au kumwondoa mtu katika shauri yamo katika Amri ya Kwanza, kanuni ya 10, ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. "Amri" hiyo ni fungu la kanuni tu. Amri ya jaji ni kitu kingine: inakufunga. Mimi huandika ya kanuni kwa herufi kubwa na namba yake, ya jaji kwa herufi ndogo. Jaji akipanga tu mwendo wa shauri, nani awasilishe nini na kwa tarehe ipi, "maelekezo" yanatosha, ingawa kuyapuuza kunaweza kukugharimu vilevile.

Kuhusu "mdaiwa", ninakuelewa. Mtaani mdaiwa ni mwenye deni la duka au la mkopo. Mahakamani, dai ni chochote ambacho mtu anasema ni haki yake, kiwe fedha, kiwanja au malezi ya mtoto. Anayedai ni mdai, anayeelekezewa dai ni mdaiwa. Hujahukumiwa chochote. Usikubali kuitwa "mshtakiwa", kama baadhi ya magazeti yanavyoandika: kwa matumizi ya Tanzania huyo ni wa kesi ya jinai, na jina hilo linakutia doa usilostahili.

Wewe na mdai, na sasa muuzaji, kwa pamoja ni wadaawa. Mmoja ni mdaawa, kwa a mbili, kutokana na "daawa", yaani shauri. Ukiandika "mdawa" umeshaingia duka la dawa.