Usimtoe mwanao nyumbani: jibu kwa dada aliyeuliza Biblia inasemaje

Dada yangu, pole sana, na shikamoo kama umenizidi umri. Umeeleza kwamba kijana wako aliyemaliza chuo juzi amekwambia anavutiwa na wanaume, tena kwamba hali hiyo hakuianza jana. Ulipomweleza mchungaji, akakushauri umtoe nyumbani mpaka atubu, usije ukahesabiwa mshirika wa dhambi. Sasa unauliza Biblia inasema nini hasa. Wengi waliotangulia wamekuandikia "soma Walawi 18:22" wakaishia hapo. Mimi nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu jambo hili limeingia nyumbani kwetu, na kwa sababu mimi ni Mwanglikana, msomaji wa kanisa, na Biblia hii ninayoisoma mbele ya watu naipenda.

Kabla ya aya yoyote: leo usiku alale kwako. Kuna aliyekushauri umpeleke kituoni polisi "wamtishe kidogo". Usithubutu. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu hapa Kenya, kinachokataza ngono "kinyume cha maumbile", kina adhabu ya hadi miaka 14 jela, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Mtoto akishaandikwa kwenye faili pale, humtoi kwa kusema ulitaka atishwe tu. Wala usimkabidhi kwa wale wanaotoa pepo kwa kumfungia mtu ndani na kumnyima chakula.

Kwetu, baba alimtoa mdogo wangu. Alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, mtoto aliyeshika nyimbo za ibada kwa sikio kabla hajajua nota. Habari zake zilipovuja, kamati ikaitwa ofisini kwa kasisi, nami nilikuwemo. Mzee mmoja akafungua Warumi 1, akaanza mstari wa 26, wale walioacha matumizi ya asili na kuwakiana tamaa, akasoma mpaka wa 32, kisha akaifunga Biblia na kuiwekea kiganja juu. Nikaomba tuendelee mstari mmoja tu. Hakuna aliyenijibu, basi nikausoma mwenyewe: "Kwa hiyo, wewe mtu uwaye yote uhukumuye, huna udhuru."

Paulo hakuandika kwa sura, dada. Mgawanyo wa sura tulio nao ulikuja karne ya 13. Barua ile ilisomwa kwa sauti, mfululizo, mbele ya Wakristo wa Rumi, na yule aliyekuwa akiitikia kwa kichwa wakati watu wa mataifa wanasemwa, ghafla anakuta anasemwa yeye. Na kwenye orodha ile ile, mistari ya 29 hadi 31, wamo wenye husuda, wasengenyaji, wasio na huruma. Habari za mdogo wangu zilifika mezani pale kwa masengenyo. Nililisema hilo. Uamuzi haukubadilika: aliondolewa kwenye kinanda, na baba yetu, ambaye alikuwa mmoja wa wazee wale, akatoka pale moja kwa moja mpaka nyumbani, akamtupia nguo zake uani.

Tuje kwenye aya zenyewe. Sodoma hutajwa kwanza kila mara, lakini soma Mwanzo 19 polepole. Wanaume wa mji mzima wanauzunguka mlango wawabake wageni. Hiyo haifanani hata kidogo na kijana wako aliyekuja kukwambia ukweli. Ezekieli 16:49 anautaja uovu wa Sodoma kwa maneno wazi: kiburi, shibe, na kutowashika mkono maskini na wahitaji. Waraka wa Yuda unataja uasherati pia, silifichi hilo. Walawi 18:22 ina katazo la mwanamume kulala na mwanamume, na 20:13 inaliwekea adhabu ya kifo, ambayo anayekunukulia 18:22 huwa haifikii. Kitabu hicho hicho, 25:36, kinakataza kumtoza riba ndugu aliyefilisika. Makanisa yetu mengi yana Sacco, na Sacco zinatoza riba, na hakuna mkopeshaji aliyenyimwa Meza ya Bwana. Tayari tunasoma Walawi kwa kuuliza amri hii ilikuwa ya nini na inamlinda nani. Tunauliza hivyo kwa riba, kisha likifika suala la mtoto wa mtu tunaacha kuuliza.

Sitakudanganya kwamba Biblia mahali fulani imebariki ndoa ya wanaume wawili. Haipo aya hiyo. Yesu katika Mathayo 19 anazungumzia mume na mke, na ndugu zangu wanaoshika fundisho la zamani wanashika kitu chenye uzito. Nimekaa nao, nimeomba nao, wengine ni watu wa Mungu kweli kweli. Ila hata wao, wakiisoma historia ya kanisa letu hapa Afrika Mashariki, hawana ruhusa ya kukwambia umtoe mtoto nje. Na hapa inanibidi nikueleze habari za babu yetu.

Babu, huko Taita, aliisikia Injili akiwa tayari ana wake wawili. Akaamini, akaomba ubatizo. Akaambiwa kwanza amwache mmoja. Hiyo haikuwa roho mbaya ya kasisi fulani. Maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walipokutana Lambeth, London, mwaka 1888, waliazimia kwamba wenye wake wengi wasibatizwe, wabaki wanafunzi wa dini tu mpaka hali yao ibadilike. Hoja zao zilikuwa za Biblia tupu: Mwanzo 2, Mathayo 19, mume wa mke mmoja. Babu aliuliza: huyu mke mdogo aende wapi, na wanawe waitwe wa nani? Wazazi wake walishakufa, mahari ilishaliwa. Hakujibiwa. Akawa anakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Imani ya Mitume aliijua kwa moyo, na siku ya mavuno mahindi yake yalikuwa ya kwanza kufika. Wengine wakiinuka kwenda mezani kwa Bwana, yeye alibaki pale pale, kofia mapajani, akiangalia migongo ya wake zake wote wawili waliobatizwa wakipiga magoti.

Askofu John Colenso wa Natal, Afrika Kusini, alikuwa ameshasema tangu miaka ya 1850 kwamba kumlazimisha mtu kuvunja nyumba yake ili abatizwe ni dhuluma kwa wanawake na watoto. Alipingwa vikali. Ilibidi ifike Lambeth ya 1988, na miongoni mwa waliolibeba suala hili alikuwa Askofu David Gitari wa hapa kwetu Kenya, ndipo likapita Azimio la 26: mtu wa wake wengi anayeipokea Injili aweze kubatizwa na kupewa kipaimara pamoja na wakeze na watoto wanaoamini, aahidi tu kutooa mwingine wakati yeyote kati yao yu hai, jumuiya ya mahali iridhie, na asilazimishwe kumwacha yeyote kwa sababu ya tabu itakayomkuta mwanamke huyo. Babu akabatizwa na mkongojo wake mkononi. Kasisi alipomuuliza jina, akasema Yakobo. Alikuwa amelifikiria siku nyingi: Yakobo alikuwa na Lea na Raheli, na Mungu alimwita Israeli.

Hakuna aya iliyofutwa mwaka ule. Kanisa bado linafundisha mke mmoja. Lililokubali ni kwamba fundisho la ndoa halitekelezwi kwa kumtupa mtu nje, na kwamba maumivu ya wanaotupwa ni jambo la kuwekwa mezani wakati Maandiko yanasomwa. Mchungaji wako, kwa mujibu wa desturi hiyo hiyo ya Kikristo anayoitetea, anakudai jambo ambalo babu yangu alidaiwa, na waliolidai walikuja kuliacha.

Najua nitaambiwa: babu yako aliahidi kutooa tena, basi na kijana naye aahidi kukaa peke yake maisha yake yote. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini babu hakuambiwa aishi bila mke. Aliachiwa nyumba yake. Na kuhusu kuishi bila kuoa, Yesu mwenyewe anasema si wote wawezao kulipokea neno hilo ila waliojaliwa, na Paulo, 1 Wakorintho 7, anasema ni afadhali kuoa kuliko kuwaka tamaa. Karama haigeuzwi kuwa hukumu ya kundi zima la watu tangu ujana wao. Ndiyo sababu mimi, kwa imani yangu, nimefika kuamini kwamba wawili wa jinsia moja wanaoishi kwa uaminifu wana nafasi kamili mezani kwa Bwana. Wewe si lazima ufike hapo leo wala kesho. Kumlaza mwanao ndani hakuhitaji ufike hapo.

Kuna kitu kingine ambacho maaskofu wetu hukinukuu nusu. Lambeth ya 1998 ilipitisha Azimio 1.10 kwa kura 526 dhidi ya 70, na kila mtu anakumbuka sehemu inayosema kwamba matendo ya ushoga hayapatani na Maandiko. Ni kweli imo, na Waafrika ndio walioipa nguvu. Ila azimio lile lile linaahidi kusikiliza watu hawa wanayoyapitia, linawahakikishia kwamba wanapendwa na Mungu, linasema waliobatizwa na waaminifu ni viungo kamili vya mwili wa Kristo hata wakiwa na hali hiyo, na linalaani kuwaogopa bila sababu. Nimelisoma hadharani zaidi ya mara moja. Mtu anayelitumia kumfukuza mtoto hajalisoma mpaka mwisho. Kama ninyi ni Wakatoliki, Katekisimu yenu, kifungu cha 2358, inataka wapokewe kwa heshima, huruma na upole, na kukataza kila dalili ya ubaguzi usio wa haki. Hata maaskofu Wakatoliki wa Afrika walipokataa mwanzoni mwa 2024 kubariki wapenzi wa jinsia moja, hawakumwambia mzazi yeyote afunge mlango.

Soma pia Matendo 8, 10 na 15 kwa mpigo mmoja. Kumbukumbu la Torati 23:1 inamzuia towashi, yaani mwanamume aliyehasiwa, asiingie katika mkutano wa Bwana. Isaya 56 inamwahidi towashi huyo huyo jina lililo bora kuliko wana na binti. Kisha barabara ya Gaza towashi Mkushi anauliza ni nini kinachomzuia asibatizwe, na Filipo hamtajii Torati, anashuka naye majini. Nyumbani kwa Kornelio, askari wa Kirumi asiye Myahudi, Roho Mtakatifu anawashukia watu kabla Petro hajamaliza kuhubiri. Na baraza la Yerusalemu lilipokaa, lilimsikiliza Petro, kisha Barnaba na Paulo, kuhusu walichoona Mungu akikitenda kwa watu wa mataifa. Ndipo Yakobo akafungua manabii. Walisikiliza kwanza. Kwetu, mdogo wangu hakuitwa hata kuingia ofisini.

Na huyu anayesema haya ni mambo ya Wazungu: kifungu cha 162 kililetwa na Waingereza. Askofu Christopher Senyonjo, Mganda wa West Buganda, alistaafu 1998, akaanza kuwapa ushauri vijana mashoga waliomkimbilia, na kanisa lake likamzuia kuhudumu. Hakuacha. Marehemu Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini, aliyewatetea watu hawa hadharani, hahitaji kutambulishwa. Uganda mwaka 2023 ilipitisha sheria yenye hukumu ya kifo kwa baadhi ya makosa haya, na uongozi wa Kanisa la Uganda ukaipokea kwa shukrani. Linaniuma kama Mkristo wa jirani, na najua ninaowaudhi hapa kwa kulisema.

Mdogo wangu alipotoka alienda Nairobi akawa analala kwa marafiki, chuo akakiacha katikati. Mama ndiye aliyemrudisha. Alimwambia baba kwamba sahani ya mtoto wake haitatoka mezani, na kama hilo ni dhambi basi atalijibu yeye mbele za Mungu. Baba alikaa muda mrefu hamsemeshi. Sasa wanazungumza: mpira, bei ya mbolea, na siku hizi baba hata humuombea kabla ya safari. Kinanda anapiga kwenye parokia nyingine, ambako kasisi anaijua habari yote.

Kwa mchungaji, usiende peke yako. Nenda na ndugu mtu mzima anayeheshimika, na umuulize maswali mawili tu: ni wapi Yesu alipomwambia mzazi amfukuze mtoto, na kijana akitoka, usiku huo atalala wapi? Mwache ajibu, usimjazie maneno. Usimtajie jina kijana mbele ya kamati wala kwenye vikundi vya maombi vya WhatsApp, maana hilo siku hizi laweza kumgharimu kazi au kipigo. Na kabla ya yote muulize mwanao mwenyewe ni nani mwingine anayejua, na ni nani asiyetaka ajue. Kama uko Pwani, nitumie ujumbe faraghani. Nitakusindikiza, na mama yetu amesema yuko tayari kuja pia.