Kabla hujampa mwanao bunduki ya upepo

Desemba iliyopita nilikuwa kwa kaka yangu Isevya, hapa Tabora. Msimu wa maembe, watoto wote wako nje. Vijana wanne walikuwa chini ya mwembe na bunduki ya upepo ya jirani, wameweka chupa ya soda juu ya jiwe, wanapokezana. Nilisikia kilio kabla sijajua kinachoendelea. Kirisasi kiligonga jiwe kikarudi, kikamchana mtoto wa kaka chini ya jicho la kulia. Upana wa kidole kimoja tu juu zaidi, leo angekuwa na jicho moja.

Wengi huita bunduki hii toi. Mimi nimeishi nayo kama mchezo. Tulipokuwa Ujerumani mwanangu alijiunga na klabu ya kulenga shabaha akiwa na miaka 12, kwa sababu sheria ya kule inaruhusu umri huo kwa bunduki ya upepo, kwa idhini ya mzazi na chini ya macho ya msimamizi. Nilidhani siku ya kwanza atarudi na karatasi yenye matundu. Wiki tatu nzima hakufyatua. Alisimamishwa na bunduki tupu: nyanyua, lenga, shusha. Nyanyua, lenga, shusha. Alichoka, nami nilikasirika kwa niaba yake.

Baadaye nikaelewa. Shabaha iko mita 10, na kitone cha pointi kumi kina upana wa nusu milimita. Ukikaa muda mrefu umelenga, misuli inaanza kutetemeka na jicho linachoka, halafu kidole kinataka kumaliza kazi kwa nguvu. Mchezaji mzuri huishusha bunduki, anapumua, anaanza upya. Mashindano makubwa yana risasi 60 kwa dakika 75, kwa hiyo muda wa kushusha upo. Na mtoto aliyezoea kushusha, hata ukipaza sauti "Acha!" wakati ameshalenga, ataacha. Wale wa chini ya mwembe hawakuwa wamefundishwa hivyo hata kidogo.

Jambo la pili ni kilicho nyuma ya shabaha. Jiwe, bati, ringi la gari, vyote vinarudisha. Kinachotakiwa ni kitu kinachomeza risasi, na nyuma yake pasiwe na njia ya watu. Mtutu uelekee shabaha muda wote, hata bunduki ikiwa tupu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeshalenga. Asivuke mtu kwenda mbele mpaka kila bunduki imewekwa chini, imefunguliwa ionekane ni tupu. Miwani ya kukinga macho wavae wote, na anayetazama pia. Virisasi vile ni madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo embe lisubiri mpaka mikono ioshwe kwa sabuni.

Na tafadhali, msiwaache wasichana pembeni. Hapa nguvu si hoja. Wanawake wamekuwa na shindano lao la bunduki ya upepo ya mita 10 kwenye Olimpiki tangu 1984, na siku hizi kuna timu ya mwanamume na mwanamke pamoja. Binti yangu ni mtulivu kuliko kaka yake, na karatasi zake zinaonyesha.

Kununua? Fika polisi kwanza uulize kibali. Silaha zina sheria yake, ile ya 2015, na maneno ya muuza duka usiyategemee.

Lakini kuanza hakuhitaji bunduki. Mtoto wa kaka nimempa fimbo yenye chupa ya maji ya lita moja imening'inizwa mbele, na alama ya mkaa ukutani. Ananyanyua, anatulia, anahesabu pumzi. Jana jioni alinyanyua mara ishirini. Mara kumi na tatu alishusha mwenyewe, bila kuambiwa.