Maswali ya Bahari: Meli Ngapi Ziko, na Ngapi Zinatoka?

Mwezi jana niliandika hapa sentensi moja tu, kwamba meli za jeshi hazihesabiwi zikiwa zimefungwa gatini, zinahesabiwa zikitoka. Basi meseji zikaja kama mvua ya masika, wengine wananisema eti nadharau wanamaji wa Kenya. Sidharau jamani. Mimi nimekulia Likoni, kituo cha wanamaji cha Mtongwe pale ni pua na mdomo, hizo meli nimeziona tangu navaa kaptura ya shule na moja mbili nazijua kwa mlio wa injini. Nimechagua maswali machache, yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo mzee. Kenya wana manowari ngapi? Rafiki yangu anabisha wanazo mbili zinapita chini ya maji, mimi nasema hawana hata moja. Tumewekeana soda. (Msomaji, Tanga)

Marahaba mwanangu. Soda ni yako ila nusu chupa umgawie rafiki yako, manake wote wawili mmelikosea neno. Kinachopita chini ya maji ni nyambizi, na Kenya haina hata moja wala haijawahi kuwa nayo. Manowari ni meli ya vita yoyote ile, neno wazee wetu wa pwani walilidaka kwa mabaharia wa Kiingereza wakalilainisha mpaka likawa letu. Pale Unguja Sultani Barghash alikuwa na manowari yake inaitwa Glasgow, ikazamishwa na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896 kwenye ile vita ambayo haikumaliza hata saa moja, halafu milingoti ikabaki imechomoza bandarini watu wanaitazama mpaka 1912 mabaki yalipoondolewa. Kwa hiyo manowari Kenya wanazo, nyambizi hakuna.

Na mbona hawanunui? Kununua sio shida kubwa, shida ni kuilisha. Afrika Kusini walichukua tatu mpya kutoka Ujerumani, na muda mwingi zimelala kwa sababu hela ya matengenezo haitoshi. Kama Afrika Kusini na viwanda vyao vyote wanahema, sisi huku tutafanyaje?

Jeshi lenyewe lilianza lini na lilianza na meli gani? (Kijana wa Shelly Beach)

Tarehe 12 Disemba 1964, mwaka mmoja kamili baada ya uhuru. Kabla ya hapo kulikuwa na jeshi la wanamaji la pamoja la Afrika Mashariki chini ya Mwingereza, makao yake hapa hapa Mombasa, likavunjwa 1962 kila mtu akaenda na lake. Boti za mwanzo za Kenya zilikuja 1966, tatu, za mita 31 kila moja: Simba, Chui na Ndovu, zimeundwa na Vosper wa Uingereza. Mamba akafuata 1974. Halafu 1975 zikaja Madaraka, Jamhuri na Harambee kutoka kwa Brooke Marine, ambazo baadaye zilifungwa makombora ya Gabriel ya Israel, na hapo ndio Kenya ikawa na meno ya kweli baharini.

Yaangalie majina lakini. Kwanza wanyama, halafu sikukuu za taifa na Harambee ya Mzee Kenyatta, halafu Nyayo (hapo hata hujaambiwa unajua rais alikuwa Moi), halafu mito, Galana na Tana, halafu sifa za watu, Shujaa, Shupavu, Jasiri. Ukitaka historia ya nchi hii kwa haraka simama gatini usome ubavu wa meli.

Assalaam alaykum ndugu. Mimi naishi Maskati miaka mingi sasa. Nilipokuja Mombasa kusalimia wazee niliona kwa mbali meli mbili za kijivu nikasema hizi si za jeshi la Oman? Au ni uzee wa macho? (Mama wa Maskati)

Wa alaykum salaam dada yangu. Macho yako mazima kabisa, ulichoona ni ndugu. Oman walianza kuchukua meli za umbo hilo miaka ya themanini mwanzoni, ile Dhofar na wenzake, na Kenya wakaenda kwa fundi huyo huyo, Vosper Thornycroft, wakatengenezewa mbili za umbo lile lile: KNS Nyayo na KNS Umoja (KNS ni Kenya Navy Ship, meli ya wanamaji wa Kenya). Zilikamilika 1987, mwaka uliofuata zikaingia Mombasa pamoja. Tofauti kubwa ilikuwa silaha, wa Oman walifunga makombora ya Exocet ya Mfaransa, Kenya wakafunga ya Otomat ya Mtaliano, manne kila meli, na mzinga wa milimita 76 pale mbele. Urefu mita 56 na ushee, injini nne za dizeli, kasi noti 40 yaani kama kilomita 74 kwa saa, na kwa meli ya chuma ya tani 400 na zaidi hiyo ni mbio za ajabu, ikipita karibu na ngalawa mvuvi anashika mlingoti anasoma dua.

Sasa ngoja nieleze hapa manake ndio penyewe. Meli ya aina ile ukishaipa miaka 20 kwenye maji ya chumvi inakuwa kama mzee mwenye presha na sukari na goti, ukitibu hili lile linaamka. Ganda linaliwa, nyaya zinaoza, spea za injini kiwanda kimeshaacha kuzitoa, na mitambo ya kuongozea makombora ni ya kizazi cha kompyuta ambazo mtoto wako hajawahi kuziona. Kenya wakazipeleka Italia, kule La Spezia kwa Fincantieri, zikafumuliwa na kushonwa upya, na 2011 zikawa zimerudi. Zimerudi bila makombora. Yameng'olewa.

Watu walilalamika, eti simba amekatwa kucha. Mimi nilikubaliana nao mwanzo, baadae nikabadili mawazo, na nitasema kwanini. Kombora lina muda wake kama dawa, likipita tarehe unanunua jipya au unabaki na bomba la mapambo juu ya sitaha, na moja linakula hela ambayo ingeweka meli baharini muda mrefu kwa mafuta na posho za mabaharia. Na utampigia nani? Aliyekuwa akisumbua miaka ile ni maharamia na boti zao za faiba, wasafirisha mihadarati kwenye majahazi, na meli za kigeni zinazokomba jodari usiku. Kwa hao unahitaji rada inayofanya kazi, boti ndogo ya kushusha haraka, mzinga mdogo, na injini inayowaka asubuhi. Ila nikiri, nchi jirani ikiamua kesho kununua meli zenye makombora nitaonekana mjinga.

Ile meli ya Anglo Leasing iliishia wapi? Tulilipia au hatukulipia? Ilifika au ilikuwa ya kwenye karatasi tu? (Mlipa kodi, Thika)

Ilifika bwana, na iko. Inaitwa KNS Jasiri. Naelewa kwanini unadhani ni hewa, manake Anglo Leasing ilikuwa kashfa ya mikataba ya serikali, na kwenye ile mikataba 18 iliyochunguzwa kulikuwa na vitu vingi vya kuuziana upepo, lakini hii ilikuwa chuma kweli, urefu mita 85, kubwa kuliko Nyayo kwa mbali. Mkataba ulisainiwa 2003 na kampuni ya Euromarine, bei kama yuro milioni 52, magazeti yakaandika shilingi bilioni 4.1, na kazi ya kuunda ikafanywa na Astilleros Gondán, Hispania. Hao Gondán walikuwa wanajulikana Mtongwe zamani. Ndio waliounda Galana na Tana za 1994, na Shujaa na Shupavu za 1997. Tatizo halikuwa kwa fundi, lilikuwa kwa waliokaa katikati ya fundi na mnunuzi, na kwa swali la nani anakula nini.

Kelele zilipopanda malipo yakasimamishwa 2005, meli ishashushwa majini tayari. Ikabaki Hispania imefungwa miaka na miaka, na unajua nini kilikuwa kinaendelea huku? Maharamia wa Somalia ndio walikuwa kwenye raha zao! Septemba 2008 wakaiteka MV Faina inakuja Mombasa na vifaru 33 vya T-72 tumboni, dunia nzima ikatetemeka, wakakaa nayo mpaka Februari 2009 wakalipwa wakashuka. Meli kubwa kuliko zote za jeshi letu wakati huo inaota kutu ya bure Ulaya kwa ajili ya makaratasi, na Jasiri haijaingia Mombasa mpaka 2012, wakati maharamia wameshaanza kuishiwa pumzi. Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndio tulilipa, na tulilipa mara mbili, mara ya pili kwa miaka ambayo haikuwepo.

Katikati hapo 2011 Ufaransa wakatupatia boti yao ya doria La Rieuse iliyokuwa ikikaa kisiwa cha Réunion, sasa ni Harambee II. Mtumba ndio, lakini mtumba unaotembea.

Kwenye Kismayu wanamaji walifanya nini hasa? Si ilikuwa vita ya nchi kavu? (Mwanafunzi, Eldoret)

Jeshi la Kenya kuingia Somalia Oktoba 2011 kulikuwa kwa nchi kavu ndio, lakini Kismayu wenyewe ulivamiwa kutokea baharini, usiku wa kuamkia 28 Septemba 2012, askari wakashushwa ufukweni kaskazini ya mji. Kushusha watu usiku kwenye fukwe ya adui ni kazi ambayo majeshi mengi Afrika hayajawahi kuijaribu, mawimbi tu peke yake yanatosha kukumaliza. Al-Shabaab waliukimbia mji. Hapo ndio meli za kubeba mizigo kama Galana na Tana, ambazo hakuna mtoto anayezichora kwenye daftari, zinaonekana thamani yake.

Na sisi huku Bongo tuna nini? Mnasifia Kenya tu. (Mdau, Kigamboni)

Wewe uko Kigamboni unaniuliza mimi, si utoke nje uangalie! Haya, kamandi ya wanamaji ya JWTZ, jeshi la Tanzania, iko hapo hapo kwenu, na zamani ilijazwa na boti za Kichina, zile Shanghai na Huchuan za kurusha topido. Hizo zimezeeka zote. 2015 Rais Kikwete alizindua mbili za doria, nazo kutoka China, Mwitongo na Msoga. Mwitongo ni nyumbani kwa Mwalimu kule Butiama na Msoga ni kijijini kwa Kikwete mwenyewe, kwa hiyo hata nyinyi mnasoma historia ubavuni mwa meli.

Walinzi wa pwani na wanamaji si kitu kimoja? Kuna tofauti gani? (Mvuvi, Shimoni)

Sio kimoja kaka. Walinzi wa pwani walizinduliwa Novemba 2018 na MV Doria, meli ya doria iliyoundwa Bangladesh, kazi yao ni ya kipolisi: uvuvi haramu, magendo, uchafuzi. Wanamaji ni vita na mipaka. Akikukamata mtu kwa nyavu za kokoro huyo ni mlinzi wa pwani, usiseme jeshi limekuonea. Lakini bahari ikiwa kubwa hivi, maili 200 kutoka ufukweni yaani kilomita 370, mipaka ya kazi inaingiliana kila siku. Na kuna kazi hazina mwenyewe. Mnakumbuka 2019 gari lilipochomoka kwenye feri ya Likoni likazama na mama na mwanawe? Wapiga mbizi wa jeshi walikuwa pale, na ilichukua siku 13 kulitoa, kina kirefu kama mita 58 na mkondo unavuta. Mimi nilikuwa nashuka pale kila jioni. Vifaa vya kupiga mbizi kina kile havikuwa vya kutosha, hilo kila aliyesimama ukutani aliliona, na nikisikia neno kuboresha jeshi siku hizi nafikiria zile mitungi za hewa kabla sijafikiria mzinga.

Mzee, nina kijana wangu amesomea uchomeleaji Kisumu. Nasikia wanamaji wanatengeneza meli huku ziwani, ni kweli? Na ataingiaje? (Baba, Kisumu)

Ni kweli mzee mwenzangu, na kwangu hii ndio habari kubwa kuliko meli yoyote iliyonunuliwa. 2019 mafundi wa wanamaji walikwenda huko kwenu wakaifufua MV Uhuru iliyokuwa imelala zaidi ya miaka 10, ikaanza tena kuvusha mabehewa ya mafuta kwenda Port Bell Uganda. Watu wa maji ya chumvi kuponya meli ya maji baridi, walichekwa mwanzo. Mwaka uliofuata ikaundwa Kenya Shipyards chini ya Wizara ya Ulinzi, ina karakana Kisumu na Mtongwe, Kisumu wakaunda MV Uhuru II ya mita 100 wakishirikiana na Damen wa Uholanzi, na Mtongwe wakaifanyia matengenezo makubwa KNS Shupavu kwenye chelezo yetu wenyewe badala ya kuivuta mpaka Ulaya. Hebu fikiria tofauti, Nyayo na Umoja walikwenda hadi Italia kutibiwa.

Kijana wako sasa. Kuchomelea geti na kuchomelea ganda la meli ni vitu viwili, welding ya meli inapigwa picha kama mfupa uliovunjika, kukiwa na kitundu cha hewa ndani inakatwa inarudiwa. Kwa hiyo atafute cheti cha kuchomelea mabamba mazito, sio grili za madirisha. Kuna njia mbili, kuajiriwa karakana kama raia, au kuingia jeshini kama fundi siku za kuandikishwa, nafasi zote zinatangazwa kwenye magazeti na tovuti za wahusika. Fomu haiuzwi. Akitokea mtu anasema anamjua kanali fulani mtume laki mbili, chukua namba yake upeleke polisi, na kijana aendelee kufanya mazoezi ya kuchomelea akiwa amelala chali, manake chini ya meli hakuna mahali pa kusimama.