Tumehoji watu 1,200, mbona kosa la sampuli bado kubwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tumefanya utafiti wa safari za kaya hapa Dar es Salaam: mitaa 15 kwa bahati nasibu, kaya 20 kila mtaa, jumla watu 1,200. Asilimia 40 walipanda daladala jana yake. Kwa kanuni ya darasani kosa la sampuli, yaani jinsi jibu linavyoweza kupotoka kwa kuwa hatukuhoji watu wote, ni pointi 2.8 za asilimia juu au chini. Msimamizi wangu amekataa, eti ni dogo mno. Nimekosea wapi?
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hesabu umepatia, ila kanuni hiyo ni ya watu waliochaguliwa mmoja mmoja jiji zima. Ninyi mlichagua mitaa.

Nilipokuwa mdadisi niliingia nyumba moja Mbagala, saa moja jioni. Baba, mama na mabinti wawili walikuwa wametoka alfajiri kwa daladala moja kwenda kwenye kibanda chao Kariakoo, wakarudi pamoja. Nilijaza dodoso nne. Kuanzia la pili nilikuwa nanakili tu. Kanuni yako inazihesabu kuwa taarifa nne kamili. Na majirani zao? Kituo kilekile, nauli ileile.

Mtakwimu Leslie Kish alitupa kipimo cha jambo hili: watu wa kila mtaa toa 1, zidisha kwa kiwango chao cha kufanana (0 ni kutofanana kuliko watu wowote wa jiji, 1 ni kufanana kabisa), jumlisha 1. Kwako ni watu 80 kwa mtaa. Wakifanana kwa 0.05 tu, unapata 4.95. Gawanya 1,200 kwa hiyo: watu wako wana nguvu ya kama 242 waliochaguliwa mmoja mmoja.

Kiwango hicho usikikisie, data unayo. Tafuta asilimia ya daladala ya kila mtaa, kisha mkengeuko sanifu wa hizo asilimia 15, yaani kipimo cha jinsi zinavyotawanyika. Tuseme ni 12. Gawanya kwa kipeuo cha pili cha 15, unapata 3.1. Kwa uhakika wa asilimia 95 zidisha kwa 2.14, si 1.96 uliyoizoea, kwa kuwa mitaa ni 15 tu: inakuja 6.6. Basi jibu liko kati ya 33 na 47, na anayepanga mabasi ya asubuhi lazima aambiwe hivyo, maana kuna watu watakaoachwa kituoni. Kama idadi ya waliohojiwa inapishana sana mtaa kwa mtaa, ondoa mtaa mmoja mmoja na kukokotoa upya kila mara, uone jibu linavyoyumba.

Awamu ijayo chukueni kaya 10 katika mitaa 30. Madodoso ni yaleyale, nauli ya wadadisi itapanda. Ipiganieni hiyo nauli kwenye bajeti.