Benki inaomba mtaji mpya: niuze hisa zangu au nizishikilie?

SWALI: Assalaamu alaykum. Mimi ni mstaafu, naishi Wete, Pemba. Nilipopokea kiinua mgongo changu nilinunua hisa 5,000 za benki moja ndogo iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa shilingi 400 kila hisa. Leo bei inasomeka 160, na gawio sijaliona kwa miaka minne. Sasa benki inatoa hisa mpya kwa wanahisa wake, moja kwa kila moja tuliyo nayo, kwa shilingi 100. Kijana wangu ananiambia niuze zote. Wenzangu wa barazani wanasema nisubiri bei irudi 400, kwa kuwa Benki Kuu haiwezi kuiacha benki ianguke. Nimekuletea taarifa yao ya fedha ya robo mwaka. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, mzee wangu. Umefanya vyema kuleta taarifa ya fedha, maana bila hiyo ningekujibu kwa kubahatisha, na fedha ya uzeeni haistahili kuamuliwa hivyo.

Kwanza naomba tuiweke kando ile 400. Ni bei uliyolipa wewe. Benki haiijui na mnunuzi wa kesho haiulizi. Isitoshe, baada ya toleo hili 400 haitakuwa 400 ile ile. Taarifa inaonyesha kwamba benki ina hisa milioni 40, kwa hiyo uliponunua, soko liliithamini benki nzima kwa shilingi bilioni 16. Hisa mpya zikishauzwa zote zitakuwa milioni 80, na ili kila moja iuzwe kwa 400 lazima benki ithaminiwe bilioni 32, yaani mara mbili ya thamani iliyokuwa nayo wakati wa neema. Wenzako wanaosubiri bei irudi wanasubiri jambo kubwa kuliko wanavyodhani.

Swali ambalo mwenye hisa za benki yenye matatizo anapaswa kujiuliza ni hili: hasara iliyobaki ndani ya benki ni kiasi gani, na nani atailipa? Kampuni ya saruji ikipata miaka mibaya inaweza kupunguza kazi, ikangoja soko lichangamke. Benki haina uhuru huo. Sehemu kubwa ya fedha inazokopesha ni amana za watu, na mtaji wa wanahisa ndio mto unaopokea pigo kabla halijamfikia mwenye amana. Ndiyo maana Benki Kuu ya Tanzania inataka mtaji wa msingi, yaani fedha ya wanahisa wenyewe, usipungue asilimia 10 ya rasilimali zilizopimwa kwa kiwango cha hatari (mikopo na mali nyingine za benki, kila moja ikihesabiwa kwa uzito wa hatari yake), na juu yake iwepo akiba ya asilimia 2.5. Benki ambayo haijaijaza akiba hiyo hairuhusiwi kugawa gawio. Kipengele hicho wanahisa wengi hawakifahamu, nacho ndicho kinachoeleza ukimya wa miaka yako minne.

Sasa tuitazame taarifa yenyewe. Benki imekopesha bilioni 60, na katika hizo mikopo chechefu, yaani isiyolipwa ipasavyo, ni bilioni 9, sawa na asilimia 15, wakati kiwango ambacho Benki Kuu inataka mabenki yasikivuke ni asilimia 5. Kwa ajili ya hasara hiyo zimetengwa bilioni 4. Zinabaki bilioni 5 ambazo benki bado inazihesabu kuwa mali yake, ikitumaini kwamba wakopaji watalipa au dhamana zitauzika. Mtaji wa msingi ni bilioni 6 dhidi ya rasilimali zilizopimwa za bilioni 70, yaani karibu asilimia 8.6, chini ya kiwango cha sheria. Kwa hiyo toleo hili la hisa si mpango wa kupanua biashara, hata kama barua yao imeandikwa kwa maneno ya matumaini. Ni pengo la mtaji ambalo lazima lizibwe.

Toleo likifanikiwa lote litaleta bilioni 4, na mtaji utafika bilioni 10, karibu asilimia 14.3. Hapo benki inapumua. Lakini zile bilioni 5 zikipotea nusu, mtaji unarudi bilioni 7.5, karibu asilimia 10.7: benki iko hai na iko ndani ya sheria, ila gawio halitoki. Zikipotea zote, mtaji ni bilioni 5, karibu asilimia 7.1, na mtaombwa fedha tena. Sisi watu wa visiwani tunajua tofauti ya chombo kilichopandishwa pwani kikakalafatiwa na chombo kinachoendelea kuteka maji huku abiria wakiombwa walete ndoo. Kazi yako ni kujua hiki ni kipi, na jawabu limo ndani ya zile bilioni 5.

Tuligeuze hilo liwe shilingi kwa kila hisa. Leo mtaji wa bilioni 6 ukigawanywa kwa hisa milioni 40 ni shilingi 150. Baada ya toleo, bila hasara yoyote zaidi, ni 125. Nusu ya bilioni 5 ikipotea ni karibu 94, na zote zikipotea ni kama 63. Utaona kwamba mtu anayelipa 100 kwa hisa mpya hupata thamani ya fedha yake ikiwa tu hasara haitazidi bilioni 2. Benki yenye faida nzuri huweza kuuzwa kwa bei ya juu kuliko mtaji wake, lakini hii haijaonyesha faida ya namna hiyo.

Hoja ya barazani kwamba Benki Kuu haitaiacha benki ianguke naielewa, ila inachanganya mambo mawili. Benki Kuu hulinda wenye amana na mfumo wa malipo, wala haina wajibu wa kulinda bei ya hisa. Mwezi wa Januari 2018 ilizifungia biashara benki tano kwa siku moja, zikiwamo Efatha na Benki ya Wananchi Njombe, kwa sababu ya upungufu wa mtaji. Mwezi wa Desemba 2022 iliiweka Benki ya Yetu Microfinance, ambayo ilikuwa imeorodheshwa sokoni, chini ya usimamizi wake. Wateja walihamishiwa NMB, lakini mauzo ya hisa za Yetu yalisimamishwa. Bodi ya Bima ya Amana hulipa mwenye amana hadi shilingi milioni 7.5, lakini hisa si amana. Benki ikifilisiwa, mwenye hisa za kawaida ndiye wa mwisho kabisa katika foleni.

Wapo wanaotaja CRDB, na wana haki ya kuitaja. Hisa zake ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 150 mwaka 2009, zikashuka chini ya 100 mwaka 2019, na kufikia 2023 zilikuwa zimepita 400. Aliyevumilia alilipwa. Lakini katika miaka yote hiyo ya bei ya chini benki ile iliendelea kupata faida na kutoa gawio, japo dogo, na haikuwa imevunja kiwango cha mtaji. Bei ilikuwa imeanguka kuliko benki yenyewe. Kinyume chake ni Citigroup ya Marekani, ambayo hisa yake ilipita dola 50 mwaka 2007 na kushuka chini ya dola 1 mwezi wa Machi 2009. Benki iliokolewa na bado ipo, ila wenye hisa wa zamani walibaki na takribani robo tu ya umiliki baada ya serikali na wawekezaji wengine kubadilishiwa madai yao kuwa hisa. Benki inaweza kupona na mwenye hisa wake asipone. Yako, kwa tarakimu hizi, naiona karibu zaidi na mfano huu wa pili.

Basi ushauri wangu. Ukiwa mstaafu, usitoe shilingi 500,000 nyingine kununua hisa mpya mpaka upate majibu ya maandishi kwa maswali mawili, ukianza kuyatafuta katika waraka wa matarajio, yaani kijitabu cha benki kinachoeleza toleo la hisa: mwanahisa mkubwa amejifunga kuchukua sehemu yake yote au la, na katika ile mikopo chechefu ni kiasi gani kina dhamana iliyokwisha kuamuliwa na mahakama au kuanza kuuzwa. Nyumba ambayo kesi yake haijasikilizwa si fedha.

Usikae kimya pia, kwa sababu kukaa kimya ndiko kunakogharimu zaidi. Hisa zako 5,000 kwa 160 ni shilingi 800,000. Zikiongezwa 5,000 za shilingi 100, zinakuwa hisa 10,000 zenye thamani ya 1,300,000, yaani 130 kila moja, na huko ndiko bei itakakoelekea daftari la wanahisa likishafungwa, yaani siku ya kuorodhesha wanaostahili hisa mpya ikishapita. Asiyenunua na asiyeuza atabaki na hisa 5,000 za 130, ambazo ni 650,000, na umiliki wake utakuwa umekatwa nusu. Kama waraka unaruhusu stahiki yenyewe, yaani haki yako ya kununua hisa mpya, kuuzwa, basi inaweza kukurudishia ile 150,000 ya tofauti. Ulizia jambo hilo mapema.

Kwa hiyo ningeuza kabla daftari halijafungwa, na ningeanza leo. Nasema leo kwa sababu ile 160 ni bei ya mara ya mwisho hisa zilipouzwa, na kwa benki ndogo mara hiyo inaweza kuwa wiki kadhaa zilizopita. Mwombe dalali wako akusomee oda za wanunuzi zilizopo: bei gani, hisa ngapi. Weka oda yenye bei ya chini kabisa unayoikubali. Mimi ningeshuka hadi 130 bila kusononeka, kwa kuwa bei hiyo ya kabla ya toleo ni sawa na 115 baada yake (130 na 100 ya hisa mpya, gawanya kwa mbili), na bado inamwachia mnunuzi sehemu kubwa ya hatari. Chini ya hapo hesabu inabadilika, na ni afadhali tuzungumze tena. Kodi isikutie hofu: mkaazi mwenye umiliki mdogo kama wako hatozwi kodi ya faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa, na wewe hata faida huna.

Suala la riba, ambalo najua wengi wa wasomaji wetu wanalo moyoni wanapomiliki hisa za benki za kawaida, ni la kuulizwa kwa sheikh wako, nalo linaweza kukata shauri kabla ya hesabu zangu zote. Nyaraka za hisa na namba ya akaunti yako ya CDS (akaunti inayotunza hisa zako sokoni) mpe kijana wako nakala, ili oda ikipata mnunuzi nawe uko shamba, awepo wa kupokea simu ya dalali.