Yamaha 40 ya mtumba: tibu njia ya maji kabla hujagusa nguvu

Ndugu uliyeuliza kuhusu mashine ya boti, Yamaha Enduro 40 iliyotumika, unayotaka kuifunga kwenye boti yako ya faiba pale Mtwapa, na kama uanze kwa kuiongeza nguvu: nimekusoma, na jambo lako linanigusa kwa sababu nilipita njia hiyo. Yangu ni ya aina hiyo hiyo, stroki mbili, silinda mbili, ujazo wa cc 703. Niliinunua ikiwa imeshapita mikono miwili, na sasa inamaliza kaskazi yake ya saba ikiwa kwangu. Nguvu iache kwanza. Pesa ya mwanzo itie kwenye njia ya maji yanayopoza mashine, inayofuata kwenye mafuta. Ikibaki, ndipo tuzungumze rafadha (propela).

Mimi niliponunua niliambiwa mashine ni nzima kwa kuwa inakojoa, yaani inatoa maji ya kupozea kwa nyuma. Kweli ilikuwa ikikojoa, chirizi nene, haikatiki. Januari hiyo tulikuwa nje ya mwamba wa Nyali, watu wanne na sanduku la barafu limejaa samaki, tunarudi kwa gesi kubwa. Harufu ya rangi inayoungua ilinifikia kabla mlio haujabadilika. Kisha sauti ikawa nzito, ikazama, mashine ikafa. Nikavua kofia ya mashine, nikanyunyiza matone ya maji kwenye kichwa cha silinda. Yakalia chwaa! Yakakauka papo hapo, yakabaki madoa meupe ya chumvi juu ya chuma. Mawimbi yalikuwa yanatusogeza kwenye mwamba, tukatupa nanga, tukangoja hadi mashua ya wavuvi ikatufungia kamba na kutuvuta hadi ndani. Nilikuwa na mtoto wa dada yangu kwenye tezi, nyuma ya boti, ana miaka kumi na mitatu. Tangu siku ile mashine siifanyii mzaha.

Tulipofungua kichwa nikaelewa. Maji unayoyaona yakitoka nyuma yanakwambia pampu inasukuma, basi. Hayakwambii kama yamezunguka silinda zote. Vijia vya juu vilikuwa vimejaa chumvi iliyogandamana, ngumu kama chokaa ya ukutani, na themostati, ile vali inayofunguka kwa joto ili maji yapite, imekwama imefunga. Pampu ilikuwa nzima kabisa na silinda ya juu inaungua.

Kwa hiyo hata kama muuzaji anakuapia, wewe fungua. Mwambie fundi atoe kifuniko cha themostati na kichwa, akwangue vijia kwa waya laini, na chumvi iliyobaki alowanishe kwa siki kisha asuuze kwa maji baridi mengi, yasiyo ya chumvi. Siki isilale humo usiku kucha, inakula aluminiamu. Boliti zitakusumbua. Chuma cha pua kikikaa ndani ya aluminiamu kwenye maji ya chumvi hushikana mpaka ukidhani vimechomelewa, na ukilazimisha kwa spana ndefu shingo inakatika. Mimi zilinikatikia mbili. Pasha moto pole pole pembeni mwa boliti, tia mafuta ya kulegeza, gonga kidogo, ngoja, rudia. Wakati wa kurudisha, kila boliti ipakwe grisi ya baharini na gaskiti iwe mpya.

Themostati wako mafundi wanaoitoa na kuitupa, eti mashine ipoe zaidi. Siungi mkono hata kidogo. Ile kitu inaanza kufunguka kwenye nyuzi 50 hivi za Selsiasi, na kazi yake ni kuacha mashine ipate joto la kufanyia kazi. Bila hiyo, ukienda mwendo wa kuvulia mafuta hayaungui vizuri, plagi zinajaa masizi, na asubuhi unavuta kamba mpaka bega linauma. Ya kwako ikitoka imekwama, nunua nyingine.

Impela badilisha siku ya kununua, usiulize imekaa muda gani. Ni kipande cha mpira ndani ya pampu ya maji, chenye mapanga yanayojikunja, na kwetu, maji yakipwa, boti zinapita juu ya mchanga kila siku, hivyo mchanga unasagwa mle ndani. Ukishusha kasha la pampu juu ya shafti, zungusha shafti mwendo wa saa huku unasukuma, mapanga yalale upande wake. Pakaa maji ya sabuni yateleze. Usisahau kile kifunguo kidogo cha chuma kinachoishika impela kwenye shafti, kinaanguka mchangani bila kukuaga. Tazama na kikombe cha chuma kinachozunguka impela: kikiwa na michirizi inayokwaruza ukucha, hata impela mpya haitasukuma sawasawa. Mimi nabadilisha kila mwaka kusi inapoanza, boti ikiwa imepandishwa pwani.

Na kila ukirudi, isuuze mashine kwa maji baridi dakika kumi hadi kumi na tano. Bomba likikosa maji, tumia pipa. Chumvi ile haikuganda siku moja. Ni safari baada ya safari ambazo mwenye mashine alichoka akaenda zake nyumbani.

Sasa mafuta. Mashine hii huchanganyiwa oili kwenye petroli, moja kwa hamsini, yaani mililita 20 kwa lita. Lile tangi jekundu la lita 24 linataka mililita 480. Nunua kikombe chenye alama, acha kupima kwa kifuniko cha chupa. Oili yenyewe iwe ya baharini, imeandikwa TC-W3. Najua ile ya pikipiki ni rahisi na iko kila duka. Lakini oili ya pikipiki imetengenezwa kwa injini ya kupozwa na hewa, na nyingi zina viungo vya madini ambavyo vikiungua huacha majivu. Ya TC-W3 haina majivu. Hayo majivu hujenga ukoko juu ya pistoni na kushika ringi, ringi ikishikwa kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) inashuka, na wewe utakuwa unamlaumu fundi.

Halafu maji ndani ya petroli. Madumu yanakaa wazi, mvua ya mwezi wa tano inaingia, tangi lenyewe linatoa jasho usiku. Kitu cha kwanza nilichoongeza kwenye mashine yangu, na mpaka leo nakiona ndicho cha maana kuliko vyote, ni chujio la kutenganisha maji na petroli, la maikroni 10, lenye bakuli la kuonea chini. Nimelifunga ndani ya boti, mahali ninapoliona nikiwa nimeketi kwenye usukani. Maji yanatua chini ya petroli, unaona mstari kabisa, unafungua kiziba unamwaga. Pamoja nalo badilisha mpira wote wa mafuta na lile puto la kubana. Puto la zamani likipasuka kidogo halivuji nje, linavuta hewa, na mashine inakufa ukiongeza gesi.

Oili ya gia: legeza skrubu ya chini utazame matone ya kwanza. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Mara nyingi chanzo ni mshipi wa kuvulia uliojizungusha nyuma ya rafadha. Unaingia, unajikaza, unakata sili, ule mpira unaozuia maji. Yangu ilitoka na mshipi wa urefu wa mkono, umesokotwa kama uzi wa fundi cherehani. Sili ni bei ndogo, gia zikila kutu ni bei ya mashine nyingine. Siku hizi kila mwezi natoa rafadha kuangalia tu. Ukijaza oili mpya, jaza kutoka tundu la chini mpaka itoke la juu, ili hewa isibaki ndani. Zinki, kile kipande kinacholiwa na chumvi badala ya mashine, nayo ikiliwa nusu, badilisha, na asije mtu akaipaka rangi: ikipakwa haifanyi kazi.

Kuhusu nguvu uliyoulizia. Boti nyingi hapa hazikosi nguvu, zimefungwa rafadha isiyofaa. Ile namba ya pili iliyochongwa kwenye rafadha ni inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Ikiwa kubwa na boti imebeba watu na barafu, mashine inalemewa, haifiki mizunguko yake, inapata joto na kujaza ukoko. Ya kwetu ikipewa gesi ya mwisho inatakiwa iwe kati ya mizunguko 4,500 na 5,500 kwa dakika. Funga kile kipimo kidogo cha mizunguko ambacho waya wake unazungushwa kwenye waya wa plagi, hakihitaji betri ya boti. Pakia mzigo wako wa kawaida, toka nje, soma. Ikiwa chini ya hapo, shusha inchi moja, utapata mizunguko kama 150 hadi 200. Mimi nilishusha inchi mbili, na boti ikainuka juu ya maji na watu sita bila kulalamika.

Nina pia kile kipimajoto cha kulenga kwa mkono. Kichwa cha mashine yangu hukaa kati ya nyuzi 55 na 65. Siku kikinisomea 80 nitazima, hata kama chirizi ya nyuma ni nene namna gani.

Kabla hujatoa pesa, fanya haya mbele ya muuzaji, mashine ikiwa baridi asubuhi. Toa plagi zote mbili. Rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeusi yenye majimaji ni oili nyingi au plagi haichomi. Moja ikitoka safi, inang'aa kama kijiko kilichooshwa, jua maji yanaingia silinda ile, na hapo rudi nyumbani na pesa yako. Kisha pima kompresheni, gesi ikiwa wazi kabisa, uvute kamba mpaka mshale wa kipimo usimame. Silinda mbili zisipishane zaidi ya asilimia 10. Akikukatalia kupima, hiyo nayo ni habari.

Kamba ya kuzimia mashine, ile ya kufunga mkononi, mara nyingi haiji na mashine ya mtumba. Ikikosekana, nunua siku hiyo hiyo, kabla hata ya impela.

Ukishapima, tuandikie hapa namba zote mbili za kompresheni na rangi ya ile oili ya gia, nikwambie kama ningeichukua.