Joto la bahari ya zamani wanalijuaje?

Chalii wa Arusha umeuliza nani alikuwa na themometa baharini miaka 20,000 iliyopita, hakuna, ila kuna vidudu vinaitwa foraminifera, vingi ni vidogo kama punje ya mchanga, vinajijengea gamba la chokaa kwa maji yaleyale vinamoishi, vikifa vinazama na tope linavifunika taratibu, kule kilindini sentimita chache tu kwa miaka 1,000. Meli inashusha bomba linarudi limejaa tope, kadiri unavyoenda chini ndo unavyorudi zamani.

Sasa utamu uko kwenye gamba. Oksijeni ipo nyepesi (uzito wa atomu 16) na nzito (uzito 18), maji yakiwa baridi gamba linabeba nzito zaidi. Mwanasayansi Cesare Emiliani mwaka 1955 akasoma joto kwa njia hiyo, ila 1967 mwenzake Nicholas Shackleton akasema ngoja kwanza, sehemu kubwa ya hiyo tofauti ya oksijeni inaletwa na barafu, si joto, maana ile nyepesi inapaa na mvuke kirahisi, inaanguka theluji nchi kavu inakwama huko, bahari inabaki na nzito. Mi hapo ndo napapenda. Ndo maana siku hizi wanapima na magnesiamu kwenye gamba hilohilo, ikiwa nyingi maji yalikuwa ya moto, unapata joto peke yake na barafu peke yake.

Hata Kibo, kilele cha Kilimanjaro, walitoboa barafu mwaka 2000 wakapima oksijeni hiyohiyo, sisi huku Moshi wengine tulijua wanatafuta madini haha